Kumtafuta Babu katika Daftari la Rambirambi

Nilipoanza kutafuta mwaka aliofariki babu yake baba, nilidhani RITA, wakala wa serikali unaoandikisha vizazi na vifo, pangetosha, lakini wazee wetu wengi wa Bagamoyo walizikwa pasipo kifo chao kuandikishwa popote. Kwa Wakristo, vitabu vya misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, ni pa kuanzia. Sisi Waislamu, ambao makaburi yetu aghalabu hayana maandishi, hutegemea zaidi kumbukumbu za jamaa na majirani. Shangazi ndiye aliyenitolea daftari la rambirambi, lililoliwa na mchwa pembeni, lenye mstari wa penseli: “Hitima, Mfungo Sita, mchele pishi mbili.” Mwezi huo wa Kiislamu uliandikwa, lakini mwaka haukutajwa (afadhali wangesahau mchele!), ila Shangazi alisimuliwa kuwa mwembe wa uani ulipandwa masika yaliyofuata.