Stimuleta ya mgongoni: kabla hamjakubali, ulizeni siku za majaribio

Watu wananiuliza sana kuhusu kile kifaa alichowekewa mama, acha niandike hapa mara moja. Mama alifanyiwa operesheni ya mgongo, pingili zikakaa sawa ila mguu ukabaki unawaka moto usiku na mchana, dawa zinamlewesha tu maumivu yako palepale. Ndo tukaambiwa kuna stimuleta.

Yaani ni waya mwembamba unapitishwa mpaka jirani na uti wa mgongo, haugusi uti wenyewe, unakaa nje ya utando wake, halafu unaungwa na betri iliyofukiwa chini ya ngozi, ya mama iko juu ya tako. Umeme mdogo unaotoka pale unaivuruga taarifa ya maumivu kabla haijafika kwenye ubongo. Na si kitu cha jana, mwaka 1965 watafiti Melzack na Wall waliandika kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti la maumivu, 1967 daktari Shealy kule Marekani akamwekea mgonjwa kifaa cha kwanza.

Sasa hizo siku za majaribio. Wanaweka waya tu kwanza, betri inabaki nje imefungwa kiunoni, unarudi nayo nyumbani kama wiki hivi. Kawaida maumivu yakipungua nusu au zaidi ndo mnaendelea, yasipopungua waya unatolewa basi. Mama tulimpa daftari aandike kalala saa ngapi, katembea mpaka wapi, maana ukimuuliza tu anasema "naendelea vizuri" asitusumbue. Usiku wa tatu alilala mpaka asubuhi, mi nikawa naenda kumchungulia kila saa nikidhani kuna shida jamani.

Haijamponya, tusidanganyane. Mguu bado unauma, ila sasa anaweza kukaa mezani na sisi mpaka tumalize kula. Wiki za mwanzo hakuna kuinama wala kujipinda, waya unaweza kuhama. Akitakiwa kupigwa picha ya MRI (ile mashine ya sumaku) lazima aseme kwanza kwamba ana kifaa, si kila kifaa kinaruhusiwa, kadi ya kifaa chake anatembea nayo.

Kitu ambacho hatukuambiwa mapema ni kwamba akilala chali umeme unazidi nguvu, kwa sababu waya unasogeleana na uti. Mwanzoni alikuwa anashtuka sana. Siku hizi anapunguza kwa rimoti kabla hajapanda kitandani, mwenyewe, bila kuniita.