Mtoto Asiyeiona Hofu Usoni mwa Mwenzake

Tunaposema mtoto fulani hana huruma, tunauhukumu moyo wake kabla ya kuuliza macho yake yameona nini. Nafundisha madarasa ya chini hapa Mbeya, na kwa kuwa kesi za watoto kupigana hazituishii ofisini, naliona swali hili kuwa zito kuliko linavyochukuliwa.

Mwaka 1995 mtafiti James Blair alieleza kwamba sura ya hofu au ya huzuni hufanya kazi ya breki: mtu akiiona kwa yule anayemuumiza, husita. Uchambuzi wa tafiti 20 alioufanya pamoja na Abigail Marsh mwaka 2008 ulionyesha kuwa watu wenye tabia za kudhuru wengine hupata shida hasa katika kuitambua hofu. Hofu hujitokeza zaidi machoni, na mwaka 2006 Mark Dadds na wenzake nchini Australia waliona kwamba watoto wasiojali maumivu ya wengine, walipoelekezwa tu kuyatazama macho katika picha, waliitambua vizuri, ingawa nafuu hiyo ilikuwa ya muda.

Si kila mkorofi yuko hivyo. Utafiti wa Seth Pollak nchini Marekani ulibaini kuwa watoto waliozoea kupigwa nyumbani huitambua hasira mapema mno, sura ikiwa bado haijakamilika, na mtoto anayeona hasira haraka hivyo hujihami haraka vilevile.

Muhula uliopita niliwakalisha ana kwa ana wavulana wawili waliogombana kwenye foleni ya bomba, nikamuuliza mkubwa mwenzake anaonekanaje. “Amekasirika, mwalimu,” akajibu, ilhali yule mdogo alikuwa ametoa macho, kola ya sweta ameivuta hadi mdomoni, anatetemeka. Nilimwonyesha nyusi zilivyopanda na macho yalivyopanuka, naye akamtazama upya, safari hii kwa utulivu.

Huku kwetu mtoto huinamisha macho mbele ya mkubwa, na heshima hiyo siipingi. Lakini basi kusoma nyuso atajifunzia zaidi kwa rika lake, na huko hana wa kumwelekeza. Kiboko hakimsaidii: asiyeiona hofu hakimfumbui macho, na anayeona hasira kila mahali kinamthibitishia kwamba ipo. Ningependa kazi hii ianze darasa la kwanza, kwa picha za nyuso na mazungumzo ya dakika chache, kabla mtoto hajabandikwa jina la jeuri.