Pedali zinazotetemeka na kisiwa kilichozama: uzoefu wangu na kompyuta tatu za kurushia ndege nyumbani

Wengi wanaorusha ndege za kwenye kompyuta hapa Dar huishia kwenye laptop moja na joistiki moja. Mimi nilitaka usukani wa kushika kwa mikono miwili, pedali za miguu, na skrini tatu, ili nikigeuza shingo nione bawa. Vifaa vya kiwandani bei yake haishikiki, kwa hiyo nilikusanya kompyuta tatu za mtumba, nikapata usukani uliokwisha tumika, na pedali nikazitengeneza mwenyewe kwa mbao, bawaba na springi za mlango. Programu ni FlightGear. Ni ya bure, na inakubali kugawanywa kwenye kompyuta kadhaa bila kudai leseni kwa kila moja. Zote tatu zinatumia Linux, mfumo wa kompyuta ulio wa bure.

Kuunganisha si kazi. Kazi ni pale vitu vinapoanza kugoma, na vinagoma kwa zamu. Leo ndege inapinda yenyewe, kesho usukani unakufa ukiwa angani, keshokutwa skrini ya kulia inabaki uwanjani huku ya katikati imeshafika Bagamoyo. Ukiuliza wenzako, jibu la kwanza ni lile lile: futa programu, pakia upya. Sijawahi kuuelewa ushauri huo. Kati ya mguu wangu na picha ya skrini ya pembeni kuna pedali, sensa inayohisi mwendo wake, bodi ndogo inayosoma sensa na kuipa kompyuta namba, waya wa USB, mfumo wa kompyuta, FlightGear yenyewe, kebo ya mtandao na kompyuta ya pili. Kufuta FlightGear ni kugusa pingili moja tu, tena ile ambayo mara nyingi haina hatia. Kwa hiyo utaratibu wangu ni kuifunga FlightGear kwanza, kisha kuukata mnyororo katikati na kuuliza: hadi hapa mambo ni sawa? Kama ni sawa, ubovu uko mbele. Kama sivyo, uko nyuma.

Pedali ndizo zilizonifundisha hilo. Ndege ninayoipenda ni Cessna 172, na kila nikianza kukimbia kwenye njia ya kurukia ilikuwa inavuta kushoto. Sasa, sehemu ya hilo si ubovu. Ndege nyingi za injini moja zenye panga boi mbele huvuta kushoto kweli zikipewa nguvu zote, na rubani hukanyaga pedali ya kulia kuzirudisha. Waliotengeneza programu wameliweka hilo kwa makusudi. Lakini yangu ilipinda hata injini ikiwa chini kabisa, na isitoshe ilitikisa mkia kama mbwa aliyemwona mwenyewe. Nikafunga programu, nikafungua jstest, kijiprogramu kinachokuonyesha namba tupu zinazotoka kwenye kifaa. Kila mhimili unasoma kuanzia -32767 hadi 32767, na ukiuacha katikati unatakiwa utulie karibu na sifuri. Pedali zangu, bila mguu kuzigusa, zilikuwa zinarukaruka hadi elfu tatu na kurudi. Hapo FlightGear ikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Sensa yenyewe ilikuwa potenshiomita ya kilo-omu 10, ile ya kawaida ya kwenye redio. Ndani yake kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Pedali hukaa katikati karibu muda wote, kwa hiyo kidole kinasugua sehemu ile ile moja, na hapo ndipo kaboni inapolika kwanza. Ongeza vumbi letu na hewa ya bahari. Nilipuliza dawa ya kusafishia kontakti, nikaizungusha mara kadhaa, ikatulia. Baada ya siku chache ikarudia. Ndipo nikahamia kwenye sensa ya sumaku, aina ya 49E. Hiyo haina kinachosuguana: unaipa volti 5, sumaku ikiwa mbali inatoa kama volti 2.5, na kadiri sumaku inavyosogea upande mmoja au mwingine volti zinapanda au kushuka. Kasoro yake ni kwamba haifiki mwisho kwa mwisho kama potenshiomita, hivyo lazima uiambie bodi kiwango chake cha chini na cha juu ni kipi. Ukisahau hilo utadhani pedali zimekuwa nzito.

Mtikisiko ulipungua lakini haukuisha. Jambo lililonisaidia hapa ningemshauri yeyote alijaribu kabla ya kununua chochote: nilichomoa waya wa USB wa pedali kwenye kompyuta kubwa, nikauchomeka kwenye laptop inayotumia betri yake, chaja ikiwa imechomolewa. Namba zikatulia tuli. Nikachomeka chaja, zikaanza kuchezacheza. Kwa maana hiyo sensa ilikuwa nzima na bodi nzima. Uchafu ulikuwa unaingia kupitia umeme. Nikafuata waya kwa macho. Ule wa kutoka sensa hadi bodi ulikuwa mrefu, kama mita moja na nusu, na nilikuwa nimeufunga pamoja na ekstensheni ya umeme ili chumba kionekane nadhifu. Nikaihamishia bodi kwenye pedali zenyewe, waya wa sensa ukabaki wa kiganja kimoja, umbali uliobaki ukachukuliwa na USB. Nikalehemu na kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kati ya waya wa ishara na ule wa hasi.

Halafu nikamwita fundi umeme, maana kuna jambo lingine lilinisumbua: ukigusa maboksi ya kompyuta mbili kwa pamoja vidole vinawasha. Alifungua soketi ya ukutani, akacheka. "Kaka, hii ina matundu matatu kwa ajili ya urembo. Ethi haijaungwa." Waya huo wa kupeleka ardhini umeme unaovuja ulikuwepo ndani ya ukuta, umekunjwa tu. Akauunga, akaupima, nikahamishia kompyuta zote kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Vidole vikaacha kuwasha, na pedali sasa hucheza chini ya mia mbili, kiasi ambacho ukiweka sehemu ndogo isiyohisi katikati hukioni kabisa. Kwa maoni yangu soketi ndiyo ingekaguliwa kwanza, kabla hata ya kuwaza sensa za sumaku, na si kwa ajili ya mchezo tu.

Usukani kufa angani kulikuwa rahisi zaidi, kwa sababu Linux huandika kila kitu. Amri ya dmesg ilionyesha kifaa kimekatika na kuunganishwa tena chenyewe, mara kwa mara. Nilikuwa nimechomeka usukani, pedali, mkono wa throtoli (wa kuongeza na kupunguza nguvu za injini) na ubao wa taa kwenye hab moja, yaani kigawanyio cha matundu ya USB, isiyo na adapta, na hab hiyo inategemea tundu moja la USB 2.0, ambalo kwa kanuni hutoa miliampea 500. Taa zilikula sehemu kubwa. Hab yenye adapta yake ikamaliza hilo. Pia nilizima ile tabia ya mfumo kulaza vifaa vya USB visivyoguswa. Kwenye safari ndefu mkono wa throtoli hauguswi kwa nusu saa nzima, na kompyuta inadhani umeenda kulala.

Lakini baada ya kuwasha upya, throtoli ikawa inapindisha ndege na pedali zinaongeza mafuta. Hii ilinichekesha kwanza, baadaye ikaniudhi. Pedali na throtoli zote zilikuwa na bodi ya Arduino Leonardo, ambayo ukiipakia programu inayofaa hujitambulisha kwa kompyuta kama joistiki. FlightGear huchagua faili la mipangilio kwa kuangalia jina la kifaa, na bodi zote mbili zilijiita kwa jina moja. Ni sawa na kuwa na mapacha darasani na mwalimu anaita kwa jina la baba. Dawa yake ni kufungua faili la boards.txt la Arduino, kutafuta mstari wenye usb_product, kubadilisha jina liwe la kwako, kisha kuipakia bodi upya. Yangu sasa zinaitwa PedaliZangu na ThrotoliYangu, na kila moja ina faili lake.

Basi tuje kwenye mtandao. Kompyuta ya katikati, ninayoiita mama, ndiyo inayopiga hesabu zote za kuruka. Za pembeni ni watoto. Zimezimwa hesabu, zinapokea tu mahali ndege ilipo na imeelekea wapi, kisha zinachora picha kwa pembe yake. Kwa mama unaweka mstari wa namna hii kwa kila mtoto:

--native-fdm=socket,out,60,192.168.10.12,5505,udp

na kwa mtoto:

--native-fdm=socket,in,60,,5505,udp

Hiyo 60 ni idadi ya taarifa kwa sekunde. Neno la mwisho, udp, ndilo la kuliangalia kwa makini. UDP hutuma na kwenda zake, haiulizi kama umepokea. Faida yake ni kasi. Hasara yake ni kwamba kukiharibika kitu hakuna wa kukuambia. Mama anaendelea kurusha taarifa hewani, na mtoto anakaa uwanjani kimya kama hakuna kilichotokea.

Mara ya kwanza sababu ilikuwa ruta ya nyumbani kumpa mtoto anwani mpya ya IP baada ya umeme kukatika. Nikaweka swichi ndogo ya mtandao kwa ajili ya kompyuta hizi tatu tu, anwani zikawa za kudumu, ruta ikabaki na simu zake. Mara nyingine ping, kipimo cha kuuliza kama kompyuta nyingine inafikika, ilijibu vizuri lakini picha haisogei. Hapo kuna kipimo kitamu sana: washa tcpdump, kijiprogramu kinachoonyesha taarifa zinazopita kwenye mtandao, kwenye mtoto, iambie isikilize bandari 5505, ile namba ya mlango iliyo kwenye mistari ya juu. Tcpdump huziona taarifa kabla fayawoli, kichujio cha kompyuta cha kinachoingia, haijazigusa. Kwa hiyo ikiwa inaonyesha mistari inamiminika na FlightGear haioni kitu, mlinzi wa mlangoni ndiye anayezuia, na ruhusa moja ya UDP kwenye bandari hiyo inatosha. Ikiwa tcpdump yenyewe iko kimya, usihangaike na fayawoli ya mtoto. Rudi kwa mama na kwenye waya.

Waya ndio ulionitoa jasho. Skrini ya kulia ilikuwa inakwamakwama. Wi-Fi nilishaikataa mapema. Muda wa ping ulikuwa unaruka kutoka milisekunde 2 hadi zaidi ya 100, wakati taarifa zinatakiwa kufika kila baada ya milisekunde kama 17. Lakini hii ilikuwa kwenye kebo, tena kebo niliyoinunua ikiwa imeshafungwa vichwa. Kipimo cha kebo kiliwasha taa kuanzia 1 hadi 8 kwa mpangilio, safi kabisa. Hata hivyo amri ya ip -s link ilionyesha makosa ya upokeaji yakipanda kila nikiitazama. Nikakitazama kichwa cha plastiki kwa tochi ya simu. Aliyekifunga alipanga rangi kwa jozi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, na kuendelea, pande zote mbili sawa. Ukitazama haraka unaona nadhifu. Lakini mtandao hutumia pini 3 na 6 kama jozi moja, na nyaya za jozi lazima ziwe zimesokotwa pamoja ndani ya kebo ili zisiingiliwe na kelele za jirani. Hapo pini 3 ilikuwa nyeupe-kijani na pini 6 bluu, nyaya zisizojuana. Kipimo cha taa hakiwezi kuona kosa hilo, kwa sababu umeme unapita vizuri tu. Nilikata vichwa, nikafunga upya: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Makosa yakasimama palepale.

Nilipodhani nimemaliza, mpwa wangu aliyekuwa amekaa nyuma yangu akauliza, "Mjomba, mbona kule kulia kisiwa kimezama?" Tulikuwa tumeruka kutoka Dar kuelekea kaskazini, Unguja iko mbele. Skrini ya katikati ilionyesha ardhi ikianza, ya kulia ilikuwa bahari tupu. Kisiwa kimekatwa kama kwa kisu pale skrini zinapokutana. FlightGear hupakua mandhari ya ardhi kutoka intaneti kadiri unavyoruka, na watoto wangu nilikuwa nimewatenga na ruta. Mama alikuwa na Unguja, mtoto wa kulia hakuwa nayo. Sasa folda ya mandhari iko kwa mama, watoto wanaisoma kupitia mtandao wa ndani. Na matoleo ya programu nahakikisha yanalingana kote, kwa sababu taarifa zinazotumwa zina namba ya toleo lake, na mtoto mwenye toleo la zamani hatazielewa.

Kinachobaki ni mawingu. Kila kompyuta huyachora yenyewe, hivyo wingu zito la kushoto linaweza kutoweka likifika katikati. Nimezima hali ya hewa ya moja kwa moja kutoka intaneti na kuweka ile ile kwa mkono kwenye zote tatu, ikasaidia kwa kiasi. Nikiwasha mitambo, kijiprogramu kidogo huwapigia ping watoto wote wawili kwanza, hukagua majina ya vifaa vya USB, na ikikosekana kimoja hukitaja na kugoma kuendelea.