Machi Guntersville: Ziwa Lilipofunga Mdomo

Ukitoka Nashville kwenda Ziwa Guntersville unashika barabara kuu ya I-65 kuelekea kusini mpaka uingie jimbo la Alabama, kisha unakata mashariki kwenda Huntsville. Hapo, karibu na barabara kuu, imesimama roketi ya Saturn V, mfano wa ukubwa kamili wa zile zilizopeleka watu mwezini. Tuliipita Ijumaa alasiri tukienda kwenye mashindano ya kuvua besi, samaki wa maziwa na mito, tukivuta boti ya shemeji yangu, vioo vya gari vimeshushwa. Machi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, lakini jua liliwaka kana kwamba baridi ilikwisha zamani, na kando ya njia kulikuwa na miti iliyokwisha kuvaa maua meupe. Shemeji alikuwa na neno moja tu safari nzima.

"Shem, joto likikaa hivi mpaka kesho, tutawakuta besi kwenye maji ya kina kifupi."

Niliamini, maana ndivyo samaki huyu alivyo. Besi wa mdomo mkubwa huupitisha msimu wa baridi kwenye kina, damu imepoa, hali chakula kingi. Maji yanapoanza kupata joto, kwenye nyuzi 10 hadi 15 hivi za Selsiasi, majike yenye mayai huanza kusogea kuelekea ufukoni. Hula kwa pupa njiani, kwa sababu kutaga kumekaribia, na kutaga kwenyewe huanza maji yanapopita nyuzi 16 hivi. Kipindi hicho cha katikati ndicho mvuvi wa besi hukiota usiku wa Desemba, kwani samaki huwa mzito kuliko wakati wowote wa mwaka. Sharti lake ni moja: joto liendelee kupanda. Likirudi chini ghafla, hata kwa nyuzi chache, samaki hujibana penye mawe na visiki, na chambo kinaweza kupita mbele ya pua yake asikiguse.

Baada ya Huntsville barabara ya 431 inapanda mlima, inashuka mabondeni kati ya mashamba, na mwishowe unaona maji kila upande. Mji wa Guntersville umekaa juu ya ulimi wa ardhi uliozungukwa na ziwa. Ziwa lenyewe ni Mto Tennessee uliozuiwa na bwawa lililojengwa na TVA, shirika la serikali ya Marekani, kati ya 1935 na 1939. Ndilo kubwa kuliko yote Alabama: eneo lake ni karibu kilomita za mraba 280, na urefu wake ni kama kilomita 120 kutoka bwawa hilo hadi bwawa la Nickajack juu ya mto. Chini ya maji kuna majani mengi, haidrila na milfoili, ambayo wenye nyumba za ufukoni huyalalamikia kila mwaka. Mimi nayapenda majani hayo kwa moyo wote. Humo ndimo samaki wadogo hujificha, na humo ndimo besi hunenepa.

Tena ziwa hili lina sifa ya mashindano. Bassmaster Classic, ambayo kwa wavuvi wa besi ndiyo fainali ya dunia, imefanyika hapa mwaka 1976, 2014 na 2020. Februari 2014 Randy Howell aliingia siku ya mwisho akiwa wa 11, akasimama penye daraja la Spring Creek, akatoka na samaki watano wa zaidi ya kilo 13, na kombe likawa lake. Nimeisimulia habari hiyo kwa kila mtu aliyekubali kunisikiliza. Kwa hiyo tulipovuka daraja la kuingia mjini nilikuwa nimekwisha kuona mawe, nguzo na maji yanayozunguka, na moyo ulinienda mbio.

Mashindano yetu yalikuwa ya klabu, boti za watu wawili wawili. Kila boti hupima samaki watano tu, kila mmoja awe na angalau inchi 15, yaani sentimita 38, na waletwe hai ndani ya tangi la maji la boti. Ukileta aliyekufa unakatwa uzito, na ukichelewa kurudi unakatwa pia. Jioni ile tulitumbukiza kipimajoto cha boti majini, kikasoma nyuzi 14. Shemeji alinipa mkono kama tumekwisha kushinda.

Usiku upepo ukageuka. Kwanza ilikuja mvua yenye radi, kisha ikanyamaza, kisha upepo wa kaskazini ukaanza kupiga kona za jengo tulilolala. Nilijua maana yake kabla sijatoka kitandani. Alfajiri anga ilikuwa safi kabisa, nyota zote nje, na baridi ikatupiga usoni gatini. Wavuvi wa besi huichukia anga hiyo ya bluu inayofuata mvua kuliko mvua yenyewe. Kipimajoto sasa kilisoma nyuzi 12. Hakuna aliyecheka pale gatini. Watu walifunga majaketi yao ya kuokolea, wakajifunga kamba ya kuzimia injini, wakangoja namba zao kuitwa.

Tulianza kwenye ukingo wa majani ambayo baridi haikuyamaliza. Njia ya Guntersville majira hayo inajulikana: unatupa chambo bandia cha umbo la samaki chenye chembe zinazogonga tumboni, unakiacha kinase kwenye majani, halafu unakinyofoa kwa nguvu. Kinapochomoka ndipo besi hukivamia. Wengi hupenda chekundu, rangi ya kamba wa mtoni wanaoanza kutoka wakati huo. Tulitupa, tukanyofoa, tukatupa tena, mpaka vidole vikawa havihisi mshipi. Sona, kile chombo cha boti kinachoonyesha yaliyo chini ya maji, ilionyesha samaki wako pale, chini kabisa, wametulia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ziwa lisilo na samaki unaliacha na kwenda zako, lakini ni vigumu kuondoka juu ya samaki unaowaona.

Tukaingia ndani ya mkono mmoja wa ziwa kutafuta maji yenye joto zaidi. Mvua ilikuwa imeshusha udongo wote wa vilima humo. Maji yalikuwa mekundu, na ncha ya ufito ikizama kidogo tu haionekani. Tukageuka. Tai mwenye kichwa cheupe alipita juu yetu na samaki kuchani, nikamtazama mpaka alipopotea nyuma ya misonobari.

Karibu na adhuhuri tulifika kwenye tuta la barabara lililojengwa kwa mawe, katikati ya ziwa. Shemeji alifunga chambo kizito chenye ndoana moja na nyuzi za mpira, akakiburuta juu ya mawe taratibu mno, kikisimama muda mrefu kuliko kinavyotembea. Nikaona ufito wake ukiinama bila mshtuko wowote, kama umenasa kwenye jiwe.

"Samaki?"

"Lete wavu, shem!"

Alikuwa jike wa kilo mbili na ushei, tumbo limejaa, mgongo wa kijani kibichi na mstari mweusi ubavuni. Nilimshika sekunde chache kabla ya kumwingiza tangini, mwili wake ukiwa baridi mkononi. Tulikaa kwenye tuta lile mpaka muda ulipotulazimisha kuondoka. Tulipata mwingine mmoja, akapungukiwa na sentimita mbili, akarudi majini.

Kwenye mizani, saa tisa alasiri, boti nyingi hazikuleta samaki hata mmoja. Walioshinda walileta watano wa jumla ya kilo sita na kitu, uzito ambao Guntersville hupatikana kwa samaki wawili wazuri wakati maji yamekaa sawa. Walikuwa wamekaa siku nzima kwenye kipande kimoja cha mawe na chambo cha kuburuta kama kile cha shemeji. Nilifurahi kwa ajili yao, na nilisikitika vilevile. Nilikuwa nimengoja majira haya tangu majani ya miti yalipoanguka.

Wakati tukirudisha boti kwenye gari, watu kadhaa waliwazunguka waandaaji wakidai mashindano yasogezwe mbele mwakani, mwishoni mwa Machi au Aprili, maji yakiwa yamepata joto. Shemeji aliwaunga mkono. Mimi sikubaliani, na nilimwambia hivyo njia nzima ya kurudi. Kufikia wakati huo besi wengi watakuwa kwenye viota. Dume ndiye anayekichimba kiota na kuyalinda mayai, na ukimtoa hapo ukamweka tangini mpaka saa tisa, samaki wadogo wanaokula mayai hawamsubiri arudi. Tena haachiliwi pale alipovuliwa. Anaachiliwa gatini, mbali sana na kiota chake. Ni heri sisi turudi Nashville na samaki mmoja kwenye kitabu cha matokeo. Shemeji alinijibu kwamba wapo madume wengi, ziwa ni kubwa. Tulikuwa bado tunabishana tulipoiacha Huntsville nyuma na kushika I-65.