Nani Anaulipia Umisheni Wetu?

Mtu akisikia kwamba mchungaji wa Kitanzania ametumwa Ujerumani kwa kazi ya umisheni pamoja na familia yake, jambo la kwanza analouliza ni kama kule bado wapo watu wa kuhubiriwa, na la pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini kidogo, ni mshahara. Maswali yote mawili ni halali. Mimi na mume wangu tumeyajibu kwa simu na ana kwa ana, na kila tunaporudi Lushoto kwa likizo tunajua kwamba yatatupokea pale Mombo, kabla hata gari halijaanza kupanda mlima. Lipo hata hivyo swali la tatu ambalo sijalisikia likiulizwa kanisani wala katika kikao chochote, nalo ndilo lililonikalia moyoni tangu tulipotoka nyumbani safari hii: nani hasa anaulipia umisheni wetu?

Kwenye makaratasi jibu lake ni jepesi. Wamishonari wa Misheni ya Bethel ya Ujerumani, Paul Wohlrab na Ernst Johanssen, walifika Mlalo, huko kwetu Lushoto, mwaka 1891, na uhusiano ulioanzia hapo haukukatika pamoja na vita mbili kuu kupita katikati. Mwaka 1971 Misheni ya Bethel iliungana na Misheni ya Rhein na kuzaa chombo tunachokiita kwa kifupi UEM (United Evangelical Mission), chenye makao yake makuu Wuppertal, na mwaka 1996 chombo hicho kikageuzwa kuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, ikiwemo Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Tangu hapo watumishi hawatoki upande mmoja tu. Mume wangu anahudumu katika usharika mmoja wa Westfalen, eneo la magharibi mwa Ujerumani, na mimi niliyesomea uuguzi nafanya kazi katika makao ya wazee yanayoendeshwa na diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji. Mshahara, bima, nyumba na nauli za likizo vinatoka huko huko. Dayosisi ilitupa baraka, barua, na ibada ya kutuaga ambayo kwaya tatu ziliimba mpaka mvua ikaanza kunyesha.

Mama yangu hayumo katika karatasi hizo, wala dada yangu hayumo. Mama ana zaidi ya miaka 80, na kiharusi kilimwacha upande wake wa kushoto ukiwa hauna nguvu. Dada yangu mkubwa alikuwa na biashara nzuri ya mboga. Alinunua karoti na kabichi kwa wakulima wa Lukozi, akazipakia kwenye matenga na kuzisafirisha Dar es Salaam, na madalali wa huko walimjua kwa jina na kwa ukali wake. Biashara hiyo aliiacha ili akae na mama. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Kaka zetu wako Tanga na Morogoro na familia zao, mimi niko Ujerumani kwa kazi ya Bwana, naye ndiye aliyekuwa karibu, kwa hiyo jambo likajiamua lenyewe. Mimi hutuma fedha kila mwezi, na fedha hizo hununua dawa, hukodi gari la kwenda kliniki na kumlipa binti anayesaidia kufua, lakini fedha haiamki saa nane za usiku kumgeuza mgonjwa.

Wakati huo huo, kazi inayonipa hizo fedha ni kuwaogesha mama za watu wengine. Siandiki hivi ili nionewe huruma, kwa maana wazee wa pale ni watu niliotumwa kwao kwa haki kabisa, na wengi wao hawapati mgeni wa kuwatembelea hata Jumapili. Kuna bibi mmoja aliyekuwa mwalimu, mwenye maneno machache na makali, ambaye asubuhi moja nilipokuwa nikimvalisha soksi aliniuliza ni nani anayemvalisha mama yangu. Nikamwambia ni dada yangu. Hakunipa pole wala hakusifu moyo wa Waafrika wa kutunza wazee wao, kama wanavyofanya wageni wengi wakitaka kunifurahisha. Kabla sijasafiri alimwagiza muuguzi mwenzangu anunue kopo la mafuta ya mikono, akasema nimpelekee dada, kwa sababu mtu anayeogesha wengine kila siku lazima ngozi yake imechanika. (Mafuta yalifika salama. Dada aliyanusa, akayasifu, akayapaka miguuni kwenye visigino, akasema mikono yake haina shida.)

Safari ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita zisizozidi 35, lakini kwa watoto waliozoea barabara za Ujerumani zile kona za kuelekea Soni ni adhabu, na mdogo wetu alitapika kabla hatujafika kwenye maporomoko. Tulipowasili uwanja ulikuwa umejaa watu, na nitapita haraka juu ya habari ya masanduku, maana kila aliyeishi nje anaijua: kilo 23 kwa kila sanduku, na ndani yake hakuna nguo zako zaidi ya mbili. Safari hii kitu kilichotingisha mtaa kilikuwa mashine ya kupima presha. Niliinunua kwa ajili ya mama peke yake. Kufikia jioni ya siku ya pili kulikuwa na foleni barazani, wazee wamekunja mikono ya mashati, akina mama wameteremsha kanga begani, na dada yangu ameketi kwenye kigoda akiwasomea namba zao kwa sauti ambayo jirani wa ng'ambo ya bonde angeweza kuzisikia. Nilijaribu kumweleza kwamba kule ninakofanya kazi takwimu za mgonjwa ni siri. Alinijibu kwamba hapa mtu akificha presha yake, nani atamkataza chumvi?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na dada aliufuata usemi huo bila kupunguza kitu, isipokuwa badala ya jembe alinipa beseni. Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa amevaa viatu, mkoba begani, akanionyesha kabati lenye mashuka, akasema anashuka Tanga kumwona kaka na atarudi Ijumaa. Ndipo nilipoiona kazi yake kwa macho ya kiuguzi. Chini ya mama alikuwa ametandika kanga mbili za zamani zilizokunjwa kwa upana, moja begani na moja nyongani, ambazo ukizivuta kwa pamoja kutoka upande mmoja mgonjwa anageuka bila kuburutwa na bila mgongo wako wewe kuumia. Katika makao ya wazee tunatumia shuka maalumu la kutelezesha kwa kazi hiyo hiyo, na tulifundishwa kulitumia. Dada hakufundishwa na mtu. Nilimgeuza mama, nikamkagua mabega, nyonga na visigino, ambako ndiko vidonda vya kulala huanzia, na sikukuta hata wekundu. Nimewahi kuviona vidonda hivyo kwa wagonjwa waliolala kwenye vitanda vya umeme, kwa hiyo ninajua ngozi ile ya mama imegharimu usiku mwingi kiasi gani.

Jumapili tulialikwa kutoa taarifa usharikani. Mume wangu alihubiri, na baada ya ibada, mnada wa sadaka ulipokwisha (mnadi alihakikisha kwamba jogoo mmoja hauzwi kwa mtu mwingine ila sisi, na kwa bei ambayo jogoo huyo hatakaa aisikie tena), watu walirudi ndani kusikiliza habari za Ujerumani. Wamishonari wengi wanaorudi likizo huchagua habari tamu, na ninaelewa kwa nini. Sisi tuliamua kusema mambo yalivyo. Tulieleza kwamba huko Westfalen, kama katika sehemu kubwa ya Ujerumani, mshiriki anayelipa kodi ya mapato huongezewa kodi ya kanisa inayolingana na asilimia 9 ya kodi hiyo, na serikali ndiyo inayoikusanya. Kwamba mwaka 2023 peke yake watu wapatao 380,000 walijitoa katika makanisa ya Kiprotestanti ya nchi hiyo. Na kwamba anayetaka kutoka haendi kwa mchungaji, bali huenda mahakamani kusaini karatasi na kulipa ada ya euro 30. Hapo kanisa zima lilicheka. Kulipia kutoka kanisani lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye amekuwa akikusanya bahasha za ahadi tangu mimi nikiwa kipaimara, hakucheka. Alisimama, akasema kwamba hapa kwetu mtu akitaka kuacha kanisa anaacha tu bure, ila wazee watamfuata nyumbani kwake, na asipofungua mlango watarudi wiki inayofuata. Basi akataka kujua, hao 380,000 walifuatwa na nani? Mume wangu alijibu kwa uaminifu kwamba mara nyingi wanaandikiwa barua. Mzee aliketi bila kusema neno jingine. Ninaamini swali lake lilikuwa na mafundisho ya umisheni zaidi ya semina kadhaa tulizohudhuria kabla ya kuondoka, na mume wangu amekwisha kulipeleka katika baraza la usharika wake wa Ujerumani.

Nikiwa nimeketi pale nilikumbuka jambo ambalo huwa tunalitaja kwa haraka tunapoadhimisha miaka ya Injili katika milima yetu ya Usambara. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwaondoa wamishonari Wajerumani nchini, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Katika muda wote huo sharika zililelewa na walimu na wazee wenyeji, watu waliobaki. Majina ya waliokuja kwa meli tunayajua na tunayafundisha watoto, lakini wale waliofungua kanisa kila Jumapili wakati meli hazikuja, wengi wao tunawataja kwa jumla tu. Ninaona tabia hiyo inaendelea. Usharika wa Ujerumani unatuombea, usharika wa nyumbani unatuombea, majina yetu husomwa madhabahuni, na sijawahi kusikia jina la dada yangu likisomwa, ingawa asingeacha yeye matenga yake nisingeweza kuondoka mimi.

Kwa maoni yangu kosa hili linaanzia siku ya kutumwa. Katika desturi yetu binti haozwi bila wazee wa pande mbili kukaa na kuulizana mambo yote, hata yale ya aibu. Lakini kanisa huweza kuipeleka familia nzima bara jingine kwa miaka mingi baada ya kuzungumza na mume na mke tu, na pengine daktari anayepima afya. Wale ndugu watakaobaki na wazazi wangepaswa kuitwa kikaoni kabla ya barua kuandikwa, waulizwe wataweza nini na hawataweza nini, na sehemu ya fedha za umisheni itengwe kwa ajili ya msaada huo kama inavyotengwa kwa ajili ya bima na nauli. Najua watakaosema kwamba huo ni mzigo wa familia na si wa kanisa. Wanaosema hivyo mara nyingi wana dada.

Ilikuwa ni mwanetu wa kwanza, anayewaamkia shikamoo hata watoto waliomzidi miezi miwili, aliyeligusa jambo lenyewe wakati wa chakula cha usiku. Aliuliza kwa nini bibi hakai katika nyumba ya wazee kama ile anayofanya kazi mama. Nilitaka kumnyamazisha, kwa maana nilidhani dada ataona tunataka kumtupa mama. Dada hakuchukia hata kidogo. Aliuliza gharama yake kwa mwezi, akapiga mluzi alipoisikia, halafu akauliza kama ipo nyumba ambayo mzee anapelekwa asubuhi na kurudishwa jioni. Nikamwambia ipo, tena Ujerumani ni ya kawaida kabisa: gari linawapitia wazee majumbani, wanakula, wanaoga, wanafanya mazoezi na kuimba, na jioni wanalala kwao. Alinyamaza akila bada yake, kisha akahesabu kwa vidole wazee wa mtaa wetu ambao watoto wao wa kike wameacha kazi au shamba. Vidole havikutosha.

Tangu turudi Westfalen, mazungumzo yetu ya simu yamebadilika. Badala ya kuniambia mama amekula nini, dada ananiuliza bei ya viti vyenye matundu ya chooni, uwiano wa wahudumu kwa wazee, na kama maji ya tangi yanatosha kuogesha watu wanane. Mume wangu ameandika barua kwa dayosisi na nyingine kwa usharika wake wa huku, na barua zote mbili zinamtaja dada kama mwenye wazo, kwa sababu ndivyo ilivyo. Mchungaji wa nyumbani alijitolea chumba kilicho nyuma ya ofisi ya usharika. Dada alikwenda kukiona, akakikataa siku hiyo hiyo kwa sababu kina ngazi na hakuna mzee atakayezipanda, na sasa anafuatilia darasa la chekechea, ambalo liko sawa na barabara na ambalo kuanzia saa sita mchana hukaa bila kazi.