Siki, eddik na ile sylte ya Krismasi

Mama kanitumia voisi wasap juzi anauliza huko siki inapatikana au anifungie chupa mbili kwenye mzigo wa mtu anayekuja. Nikacheka peke yangu jikoni. Siki ipo mama, tena ya kumwaga, shida ilikuwa jina lake.

Wiki ya kwanza nimefika Bergen nilitaka kutengeneza achari ya karoti, nikaingia supamaketi kutafuta siki. Kinorwe changu kilikuwa cha programu ya simu, maneno kama hamsini hivi, na mojawapo ni sur, yaani chachu. Sasa mimi mtu wa kujifanya najua, nilishasoma mahali kwamba vinegar ya Kiingereza imetoka Kifaransa, vin ni mvinyo na aigre ni chachu, bas nikapiga hesabu kichwani kwamba Kinorwe nacho lazima kiseme mvinyo mchachu. Nikamfuata kijana wa dukani, ushungi wangu kichwani, nikamwambia nataka sur vin. Akanitazama. Akanieleza taratibuuu kwamba mvinyo supamaketi hauuzwi, inabidi niende Vinmonopolet, lile duka la serikali, na akaninyooshea mkono niione njia. Mtoto wa Tanga, siku ya nne ugenini, anaelekezwa kwenye pombe.

Chupa nilikuja kuiona mwenyewe, rafu ya chini kabisa, plastiki, ndani maji meupe pe, imeandikwa eddik na 7% kubwaaa. Nilidhani dawa ya kusafishia. Na kusema kweli sikukosea sana, maana jirani yangu hapa, bibi mmoja mtu mzima sana, anaitumia kwenye mashine ya kahawa kuliko kwenye chakula.

Hilo neno eddik lilinisumbua, halifanani na kitu. Kumbe ni la Warumi. Wao siki waliiita acetum (ndo ile asidi ya asetiki ya darasa la kemia), neno likapanda kaskazini na njiani sauti zikabadilishana viti, k ikaenda nyuma t ikaja mbele, ikawa kitu kama atekum, Wajerumani wa kusini wakaishia na Essig, Waswidi ättika, na huku ikafika eddik kupitia Kijerumani cha pwani ya kaskazini. Na mimi naishi mwendo wa dakika chache tu kutoka Bryggen, yale majumba ya mbao ambako wafanyabiashara wa Hansa, ule muungano wa biashara wa Wajerumani, walikaa kuanzia karne ya 14 wakinunua samaki mkavu, na Kijerumani chao kimejaa ndani ya Kinorwe kama Kiarabu kilivyojaa kwetu. Kwa hiyo hapa mvinyo haumo kabisa ndani ya neno. Ndo maana wanaweza kusema vineddik wakimaanisha siki ya mvinyo na epleeddik siki ya tufaha na kila kitu kinakaa sawa. Mwingereza yeye amekwama, akisema cider vinegar ukiichambua ni mvinyo mchachu wa tufaha, mvinyo wa wapi tena hapo? Zamani walijaribu, siki ya bia waliiita alegar, ale badala ya vin, neno zuri tu halina kosa, lakini limekufa siku hizi hakuna anayelijua.

Haradali nayo ni hivyo hivyo. Mustard ina must ndani yake, juisi ya zabibu ambayo haijawa mvinyo, walikuwa wanachanganyia. Sennep ya Kinorwe imetoka sinapis ya Kilatini, haradali yenyewe, haina habari na zabibu.

Turudi kwenye ile 7%, maana iliniumiza. Dada yangu yuko Leicester, akanipa kipimo chake cha vitunguu vya siki, nikamimina vile vile kama alivyosema, kula kipande kimoja meno yote ganzi mpaka nyuma. Siki yake ya kimea ni asilimia 5. Alafu ukienda duka la chipsi kule Uingereza kile wanachokunyunyizia mara nyingi hata siyo siki, ni maji na asidi ya asetiki na rangi ya sukari iliyounguzwa, sheria haiwaruhusu kuiita vinegar bas inaitwa non-brewed condiment, jina kama la dawa ya panya. Na hapa ipo chupa nyingine inaitwa eddikessens, 35%, hiyo usiiguse hivi hivi inaunguza ngozi, unachanganya kipimo kimoja na maji vipimo vinne ndo unarudi kwenye 7. Nimeandika kwa karatasi nimebandika kwenye kabati kwa ajili ya wageni.

Ila waliponitendea haki ni kwenye ile hesabu yao ya moja-mbili-tatu. Eddik kikombe 1, sukari 2, maji 3, chemsha sukari iyeyuke, acha ipoe, mwagia kwenye tango, kitunguu, karoti, chochote. Hakuna kupima kwa jicho. Mimi naongeza pilipili na binzari nyembamba na bibi jirani sasa ananiletea mitungi yake mitupu nimjazie.

Sasa kilio changu kikubwa ni sylte. Tango la siki linaitwa sylteagurk, sawa? (Agurk, kwa njia, ni ndugu wa gherkin ya Kiingereza, yote mawili yamepita kwa Waholanzi na asili inarudi Ugiriki.) Jamu ya mkate nayo ni syltetøy. Nikasema aha, kwa hiyo sylte ni kuhifadhi, iwe kwa siki iwe kwa sukari, kitenzi kimoja kinabeba yote. Nikafurahi, nikaona hawa watu wana akili, maana Kiingereza chenyewe kinachanganya, pickle kwa Mmarekani ni tango, kwa Mwingereza inaweza kuwa lile rojo la kahawia la kuweka na jibini. Desemba ikafika, dukani nikaona pakiti imeandikwa sylte tu, peke yake, bila agurk bila tøy. Nikaweka kwenye kikapu. Nikajua ni achari ya sikukuu, kitu cha msimu, ngoja nionje mila za watu. Nimefika nyumbani nimefungua, kipande baridi kinatetemeka, kina mafuta, kina vipande vipande ndani, nikapiga picha nikamtumia binti ninayesoma naye. Akajibu kwa herufi kubwa USILE. Ni nyama ya kichwa cha nguruwe, inachemshwa, inapangwa na viungo, inakandamizwa mpaka inashikana, chakula cha Krismasi. Nikanawa mikono kama natoka kuzika. Asili ya neno lenyewe ni maji ya chumvi, ndo ukoo wao wote unapokutana, tango, jamu na hicho kichwa. Mila za watu nikaziacha kwenye pakiti nikampelekea bibi, alifurahi sana.

Na sur yenyewe sasa. Sisi ukali wa kinywani tunao wa aina aina. Ndimu ni kali, embe bichi lina ugwadu, ndizi mbichi ina ukakasi, wali wa jana umechacha, na kila moja ukisema kwa mwenzie mtu anakushangaa. Hawa wanatumia sur karibu kwa yote hayo na bado inabaki ya kwa mtu aliyenuna. Er du sur? Bibi aliwahi kuniuliza hivyo siku nimeingia kimya nimelowa mvua, nikajinusa kwapa. Kumbe ananiuliza nimenuna? Alafu hewa ya oksijeni kwa neno lao la zamani ni surstoff, kitu cha uchachu, wameiga Wajerumani, maana wanakemia wa zamani walidhani hakuna asidi isiyo na oksijeni ndani yake. Wanavuta uchachu kifuani hao.

Nilichokuja kukielewa ni kwamba zabibu hazikuwa za huku, siki kama tunayoijua ilikuwa mali ya kuletwa. Uchachu wao wenyewe ulitoka zizini. Maji ya maziwa yanayobaki ukishatengeneza jibini waliyaacha yachache kwenye mapipa, wakayaita syra, walikuwa wanakunywa wakiyazimua na maji na Waiceland mpaka leo wanahifadhia nyama. Ndo maana wanapenda sana rømme, krimu iliyochacha, wanaiweka mpaka kwenye uji. Supu ya samaki ya hapa Bergen inatiwa siki kidogo, sukari kidogo na hiyo rømme, mara ya kwanza niliionja nikasema hii inataka kuwa mchuzi wa ukwaju ila imeogopa.

Ukwaju ndo sina. Mei nikapata rabarbra, mabua mekundu yanaota uani kwa kila mtu, machachu ya kukunja uso, watoto wanachovya kwenye sukari wanatafuna kama sisi embe bichi na chumvi na pilipili. Niliyachemsha na vitunguu saumu yakawa chatne ya maana kabisa. Birimbi siyo, lakini mchuzi ulikubali.

Septemba iliyopita ndo nikajaribu rognebær, vile vitunda vyekundu vinavyoning'inia kwenye miti barabarani mpaka unajiuliza mbona hamchumi. Bibi akanisimulia hadithi ya mbweha aliyezirukia akazikosa akasema ziko juu na ni chachu. Nikamwambia hii hadithi naijua! Kwa Waingereza ni zabibu, sour grapes, kwetu ni sungura na ndizi, sizitaki mbichi hizi. Kila mtu kampa mnyama wake tunda la mtaani kwake. Bibi akacheka, akanitungulia kichane kimoja kwa fimbo yake, nikatia mdomoni vitano kwa mpigo.

Jamani. Uchungu, uchachu, ukakasi, vyote kwa pamoja, nimetema mbele ya mtu mzima. Yeye anasubiri baridi ipige kwanza ndo anachemsha na sukari nyingi, anakula na nyama ya kulungu. Nimekuja kusoma kwamba asidi ya sobiki, ile wanayotia kwenye masosi ya chupa yasiote ukungu, mwaka 1859 ilitolewa mara ya kwanza kwenye mafuta ya vitunda hivi hivi, na jina ni la mti wenyewe, Sorbus. Yule mbweha hakuwa na wivu wowote.

Mama nimemjibu siki aache, aniletee ukwaju kilo mbili, na aufunge vizuri usije ukamwagikia nguo za watu.