Kupokezana Pumzi

Mama alikuwa na pumu, na alikuwa mwimbaji wa kwaya. Anayezijua nyimbo zetu za Kimoraviani atashangaa, maana kuna mistari mirefu ambayo hata mwenye kifua kizima anaimaliza mishipa ya shingo imemsimama. Mama alikuwa anavuta pumzi katikati ya mstari, mahali ambapo wengine hawavuti. Wenzake wa sauti ya pili walipajua, na wao hapo hawakuvuta. Ukiwa umekaa kwenye benchi husikii pengo lolote. "Tunapokezana pumzi," aliniambia siku moja jikoni, akipuliza moto kwa taabu, "ili wimbo usikatike."

Sauti hiyo ya pili ndiyo aliyonirithisha angali hai. Nilipofika miaka 12 niliingia kwenye kundi la matarumbeta la ushirika wetu, chini ya Mlima Rungwe. Kiongozi wa kundi alikuwa mzee mmoja fundi seremala, ambaye watoto wote tulimwita Babu ingawa wengi wetu hakutuzaa wala hakuwazaa wazazi wetu. Alinipa tarumbeta dogo la zamani, limebonyea ubavuni, limepiga weusi kama sufuria ya kuni. Akanionyesha kulisafisha kwa majivu na limau. Unachekecha majivu ya jikoni yabaki laini kama unga, unakamulia limau, unasugua kwa kitambaa cha pamba taratibu, ukifuata bomba linavyopinda, halafu unasuuza na kukausha haraka kabla limau halijaacha madoa. Ni kazi ya asubuhi nzima. Nilipomaliza niliuona uso wangu mle ndani, mrefu na wa dhahabu.

Sauti ya pili si ya kujionyesha. Ukiipiga peke yake mtu hatambui ni wimbo gani. Inazunguka palepale, noti tatu nne, inapanda kidogo, inarudi. Lakini iondoe, na watu watajua kuna kitu kimetoka hata kama hawawezi kukitaja. Jioni Mama akimenya ndizi za mbalaga alikuwa akiniimbia sehemu yangu kwa mdomo uliofumbwa, nami nimesimama mlangoni mwa jiko najaribu kumfuata, kuku wanatawanyika. Nikikosea hakusema kitu. Alirudia tu kutoka mwanzo wa mstari, kisu kikiendelea na kazi yake.

Mvua za Elinino zilituanza mwishoni mwa mwaka 1997 na hazikuwa na mpango wa kuondoka. Kwetu Rungwe mvua si habari, tumezaliwa ndani yake, lakini ile ilikuwa nyingine. Kuta zilitoa ukungu, nguo hazikukauka, kuni zilitoa moshi badala ya moto, na moshi ndio uliokuwa adui mkubwa wa kifua cha Mama. Usiku mmoja wa Februari 1998 kilimbana kuliko siku zote. Baba alikuwa mpima majani kwenye kituo cha kununulia chai. Alitoka mbio kwenda kuomba lori. Barabara ilikuwa imekatika kwa tope pale darajani. Alirudi saa kumi na moja alfajiri, kwa miguu, akiwa na tope mpaka kiunoni. Mama alikuwa ameshatutoka. Alifariki akiwa amekaa, ameinamia mto, mimi nikiwa nimemshika mgongo. Niliuhisi mgongo ule ukihangaika, halafu nikauhisi ukitulia. Nilikuwa na miaka 14.

Wengi kwetu huzikwa nyumbani, karibu na migomba. Mama alikuwa ameomba azikwe kwenye makaburi ya kanisa, na Baba akatimiza. Mchungaji alisoma maneno ya Ayubu: "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, Jina la BWANA na libarikiwe." Watu wote waliitikia. Mimi nilifika kwenye "ametwaa" nikaishia hapo.

Siku zilizofuata nilisikia "kazi ya Mungu haina makosa" mara nyingi mno. Najua linasemwa kwa nia njema, na wanaolisema wengi wao wamezika. Lakini mpaka leo nikienda msibani silitamki mbele ya mtoto. Mtoto analisikia kama amri ya kunyamaza. Walionifaa siku zile ni akina mama wa jumuiya, ambao hawakuhubiri hata kidogo. Walipanga zamu wenyewe. Mmoja alileta kuni kavu, na sijui mwezi ule alizitoa wapi. Mwingine alichukua sare zangu za shule Ijumaa, akazirudisha Jumapili jioni zikiwa zimekaushwa juu ya mkaa, zinanukia moshi. Alikuja pia mmoja wa wale wa sauti ya pili, akakaa jikoni na kumenya ndizi kimya, akaondoka. Baba alikuwa akisimama mlangoni kila anapoagana nao, akisema "ndaga, ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na baada ya hapo hasemi lingine mpaka kesho. Jina la Mama hakulitaja tangu siku ya maziko.

Wiki ya pili nilililaza tarumbeta langu kwenye kanga ya Mama, nikalifunga, nikalipeleka kwa Babu. Nilimkuta kwenye karakana yake anapiga randa, maranda yamemfunika miguu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole."

Nikamwambia nimekuja kurudisha. Hakuniuliza sababu. Alifungua lile sanduku kubwa la mbao la kuhifadhia matarumbeta, alilolitengeneza mwenyewe, na ndani ya kifuniko alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe mstari wa mwisho wa Zaburi ya 150: "Kila mwenye pumzi na amsifu BWANA." Nilikuwa nimeusoma mara mia. Siku hiyo ulinipanda kichwani.

"Mama hakuwa nayo," nikasema.

Babu aliutazama ule mwandiko wake kwa muda. "Ni kweli," akasema. "Hakuwa nayo." Akaliweka tarumbeta sandukuni likiwa bado limefungwa kwenye kanga, akafunga kifuniko. Nimekutana na wachungaji na walimu wengi wa neno tangu siku ile, na bado namshukuru Mungu kwa jibu hilo la seremala.

Pasaka mwaka ule iliangukia tarehe 12 Aprili. Kwa Mmoraviani, Pasaka haianzi kanisani, inaanza makaburini, kabla jua halijatoka. Babu alitusimulia zaidi ya mara moja kwamba desturi hiyo ilianza mwaka 1732, huko Herrnhut, Ujerumani, pale vijana walipotoka alfajiri kwenda kuimba kwenye makaburi ya ndugu zao. Wamishenari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja nayo. Watu wetu waliipokea bila kubembelezwa, na mimi sioni ajabu, maana kwetu wafu hawakuwahi kuwa mbali. Usiku wa kuamkia siku hiyo kundi la matarumbeta huzunguka kuamsha watu, nyumba kwa nyumba.

Jumamosi jioni Babu alikuja nyumbani. Alikunywa chai, wakaongea na Baba habari za tope, halafu akanigeukia.

"Macho yangu usiku hayanisaidii tena. Nani atanishikia taa?"

Hakusema njoo upige wala njoo uimbe. Nilimtazama Baba. Baba akasema, "Mshikie Babu yako taa."

Tulitoka saa tisa usiku, watu wanane na taa mbili za chemli. Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mwanga haukuvuka hatua kumi. Kila mtu alikuwa na tarumbeta lake ndani ya koti, na ile sehemu ya kuwekea mdomo ameificha kwapani, kwa sababu chuma kikiwa na baridi midomo inakufa ganzi na sauti inatoka imepasuka. Tunafika kwenye nyumba, tunasimama chini ya dari la nje au chini ya migomba, Babu anahesabu kwa kidole, wanapiga beti mbili. Ndani unasikia kitanda kinalia, kibiriti, mtoto. Halafu sauti kutoka gizani: "Bwana amefufuka!" Nasi nje: "Amefufuka kweli kweli!" Wengine walitoka na viazi vitamu vya moto, wakatupa mikononi. Mimi niliinua taa na kuishusha, nilichezesha midomo, sikutoa sauti. Hakuna aliyenikemea.

Kwenye nyumba ya nne au ya tano ndipo nilipogundua jambo. Babu siku zote alipiga sauti ya kwanza. Ndiyo sauti ya kiongozi, inayobeba wimbo wenyewe, na midomo yake ilikuwa imeizoea kwa miaka mingi kuliko umri wa Baba. Usiku ule sauti ya kwanza ilikuwa kwa kijana mmoja wa Kipaimara, anahangaika nayo, na mimi nilikuwa nimesimama karibu na Babu kiasi kwamba mlio wake ulinitetemesha mkono wenye taa. Noti tatu nne, palepale, inapanda kidogo, inarudi. Nilikuwa nikiisikia jikoni. Ilikuwa sehemu yangu. Ilikuwa ya Mama.

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa makaburini, ushirika mzima, miavuli na majani ya migomba vichwani, vitabu vya nyimbo vimefunikwa kwa nailoni. Tope lilinyonya viatu. Kaburi la Mama lilikuwa bado ni udongo tu, mvua imelishusha katikati, na mtu, sijui nani, alikuwa amelipanga mawe pembeni ili lisiendelee kuoshwa.

Katika ibada ile kuna mahali tunapowakumbuka ndugu waliolala tangu Pasaka iliyopita. Kwetu mchungaji huwataja kwa majina. Kawaida anasoma orodha yote, watu kimya, halafu ibada inaendelea. Mwaka ule walikuwa 11. Mama alikuwa wa saba. Mchungaji alilitaja jina lake lote, na kabla hajavuka kwenda la nane, Baba, yule Baba ambaye kanisani alizoea kukaa nyuma kabisa na kuimba kwa midomo tu, alisema kwa sauti ya kupimia majani ya chai, ile inayotakiwa ifike mwisho wa foleni:

"Amefufuka kweli kweli!"

Haikuwa mahali pake. Hakuna aliyekuwa ametamka sehemu ya kwanza. Kimya kilichofuata nakikumbuka mpaka matone kwenye miavuli. Mchungaji aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akamtazama Baba, akasema taratibu, "Amefufuka kweli kweli." Akasoma jina la nane. Na ushirika wote, bila kuambiwa, ukaitikia vilevile. La tisa, la kumi, la kumi na moja. Ilipofika la mwisho nilisikia wanawake wanalia huku wanaitikia, na kuitikia hakukupungua kwa sababu ya kulia.

Babu akahesabu kwa kidole. Matarumbeta yakaanza, watu wakadaka wimbo. Niliinua taa ingawa mwanga wa mchana ulikuwa umeanza kuingia kwenye ukungu na haikuhitajika tena. Kwenye mstari wa tatu, ule mrefu, sauti ya Babu ilikatika. Alivuta hewa, akakosa, akaingia tena amechelewa. Ubeti uliofuata ikawa hivyo hivyo. Sidhani kama kuna mwingine aliyesikia.

Watu walipoanza kutawanyika, wakisalimiana kwa mikono yenye tope, Babu alibaki amesimama karibu na yale mawe, anamwaga maji yaliyojikusanya ndani ya bomba. Midomo yake ilikuwa imevimba, na wa chini ulikuwa umechanika kidogo.

"Babu, kwa nini ulipiga ya pili?"

"Ilikuwa haina mtu." Alisema kama anayeeleza kwa nini amefunga mlango uliokuwa wazi. "Wewe umechoka, mjukuu wangu. Pumua. Sisi tunaishika."

Nikanyamaza. Baba alikuwa hatua chache kutoka tulipo, amezungukwa na wale akina mama wa jumuiya, na nilimsikia akitaja jina la Mama, akiwasimulia kitu.

"Ila kuna mahali pananishinda," Babu akaendelea, akifuta tarumbeta kwa leso. "Ule mstari wa tatu. Kifua changu cha sasa hakifiki mwisho. Nimejaribu mwanzo, nimejaribu katikati, nauharibu. Mama yako naye alikuwa hafiki, lakini hakuuharibu hata siku moja. Yeye alikuwa anapumulia wapi?"

Nilipajua. Nilifungua mdomo nimweleze, nikaona haielezeki kwa maneno, ni mpaka mtu asikie. Nikaweka taa chini kwenye nyasi. Nikaanza mstari, mdomo umefumba kama Mama alivyokuwa akifanya, kwa sauti iliyokuwa na mikwaruzo ya miezi miwili bila kuimba. Babu aliinamisha sikio. Nilipofika pale, nikavuta pumzi, nikaendelea.